Unakimbia kila Jumamosi, sawa, ila mifupa yako umeipima? Namna ya kuipima na kuitunza ukishavuka 45

Mimi nina miaka 53, kilo 57, na nakimbia. Sio kukimbia kwa mdomo, nakimbia kweli, jogingi ya Jumamosi alfajiri na tisheti za klabu, na kuna mwaka nilipanda Moshi nikamaliza zile km 21 za Kilimanjaro Marathon nikarudi na medali naivaa mpaka kwenye daladala. Miezi mitatu baadae natembea zangu tu, wala sikimbii, nimetoka kununua nyanya, nikakanyaga vibaya ukingo wa barabara, nikajizuia na mkono wa kushoto, kifundo cha mkono kikaenda. Mkono ukapinda kama uma.

Hospitali wakanipiga eksrei, wakanifunga POP, nikatembea na hogo wiki sita. Hakuna hata mmoja aliyejiuliza imekuaje mtu ameanguka kutoka kwenye urefu wake mwenyewe, hajagongwa na bodaboda, hajadondoka kwenye ngazi, na mfupa umevunjika. Mtoto wa dada yangu ndo nesi, alivyokuja kunisalimia akaniangalia akasema, "Mama mdogo, bibi si alivunjika nyonga? We nenda kapime DEXA." Hiyo ni mashine ya mionzi inayopima mfupa umejaa kiasi gani. Nikamwambia mimi ni mwanamichezo bwana. Akacheka.

Haya, nilivyofanya ndo hivi, nawawekea kwa wanawake wenzangu wa 45 kwenda juu, hasa nyie mnaojiona mko fiti kama nilivyokuwa najiona mimi.

Kwanza tuelewane kitu. Mifupa kuwa dhaifu, kitaalamu osteoporosisi, sio yale magoti yanayouma ukipanda ngazi, yale watu wanaita mifupa kusagika. Ile ni shida ya maungio. Hii ninayosema haiumi. Inakula kimyakimya, na dalili ya kwanza mara nyingi ndo huko kuvunjika kwenyewe: kifundo cha mkono kwenye miaka ya hamsini, baadae pingili za mgongo, uzeeni nyonga. Mfupa uko hai, kila siku kuna seli zinabomoa na nyingine zinajenga, na homoni ya estrojeni ndo inawashika wabomoaji wasizidishe. Hedhi ikikoma estrojeni inashuka, wabomoaji wanajiachia, na miaka ile ya mwanzo baada ya kukoma ndo mfupa unapotea haraka kuliko wakati mwingine wote. Hapo uwe unakimbia au hukimbii, inakukuta.

Na sisi wembamba wa jogingi ndo tuna hatari zaidi, ajabu eh? Mwili mwepesi hauupi mfupa mzigo, na mafuta ya mwilini ndo yanaendelea kutengeneza ka-estrojeni kadogo baada ya hedhi kukoma, sasa sisi hatunayo. Alafu kuna ule mchezo wa kukimbia km 15 asubuhi na kula tunda moja mpaka jioni. Kama ulipokuwa na thelathini na kitu hedhi ilikuwa inapotea miezi sita kwa sababu ya mazoezi na kujinyima ukashukuru umepumzika, hukupumzika, mfupa ulikuwa unalipa. Mwambie daktari na hilo pia.

Anza na hesabu ya kilo na umri

Hii haina hela. Chukua kilo zako, toa umri wako. Kama umeshakoma hedhi na jibu ni chini ya 10, wewe ni wa kwenda kupima. Mimi wakati ule 57 toa 52, inabaki 5. Shoga yangu tunayekimbia wote ana kilo 88 na miaka 52, kwake inabaki 36, akanicheka wiki nzima. Hesabu yenyewe kitaalamu unazidisha na 0.2 na mstari unakuwa 2, ila ni kitu kilekile. Sio kwamba ukipata 36 umepona, hapana, hii ni chekecheo tu la kujua nani aende mapema.

Mwongozo wa Marekani unasema wanawake wote wapimwe wakifika 65, na walio chini ya hapo wapimwe kama wameshakoma hedhi na wana kitu kinachowaweka hatarini. Sasa hivyo vitu ndo watu hatuvijui, kwa hiyo kaa na kalamu: mama au baba alivunjika nyonga, wewe mwenyewe umevunjika mfupa kwa kuanguka kawaida baada ya ukubwa, sigara, pombe ya kila siku, hedhi ilikoma kabla ya 45 au ulitolewa ovari, una baridi yabisi ile ya kinga za mwili, au goita inayokimbiza moyo.

Na dawa. Hapa nakaa kidogo kwa sababu hapa ndo wengi tunaumia bila kujua. Prednisoloni kwa miezi mitatu au zaidi, wenye pumu na lupasi mnaijua, hiyo inakula mfupa hasa. Sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu inapunguza uzito wa mfupa wakati unaitumia, ukiacha unarudi kwa sehemu kubwa, ila kama umechoma miaka mingi mpaka karibu na kukoma hedhi isemee. ARV zenye tenofovi, ile ya zamani, nazo zinapunguza, na hapa naomba tusikilizane: USIACHE dawa, hakuna mfupa unaookolewa kwa kuacha ARV, unamwambia daktari wako wa kliniki aweke kwenye hesabu. Omeprazoli za vidonda vya tumbo zinazomezwa miaka na miaka kama pipi. Dawa za kuzuia homoni kwa waliotibiwa saratani ya matiti. Na mkorogo jamani, zile krimu za kung'arisha nyingi zina steroidi kali, ukipaka mwili mzima kila siku inaingia ndani. Daktari hatakuuliza kuhusu mkorogo, sema mwenyewe.

Jipime mlangoni

Vua viatu, toa wigi, fungua kilemba, simama umegusisha visigino na mgongo kwenye fremu ya mlango, mtu akuwekee kitabu kigumu kichwani kimelala sawa, achore na penseli, aandike tarehe. Fanya asubuhi maana jioni wote tumeshuka kidogo. Linganisha na urefu ulioko kwenye kadi yako ya zamani ya kliniki. Ukiwa umepungua kama sm 4 toka ujana wako, au sm 2 toka ulivyopima miaka michache nyuma, inawezekana kuna pingili imebonyea bila wewe kujua, watu wengi pingili inavunjika wanadhani ni mgongo tu umeshika. Hukohuko mlangoni angalia kama kisogo kinagusa ukuta bila kunyanyua kidevu. Kisipogusa, kamwambie daktari.

Kuipata hiyo DEXA

Usiingie kwa daktari ukasema "nataka kupima mifupa" ukanyamaza, utaandikiwa eksrei ya mgongo na vidonge vya kalsiamu, kwisha. Eksrei ya kawaida haioni upungufu mpaka mfupa uwe umepotea kama asilimia 30 hivi. Mimi nilienda na karatasi nikasoma kama naomba kazi: nina miaka 52, hedhi ilikoma na miaka 49, nimevunjika kifundo kwa kuanguka nimesimama, mama yangu alivunjika nyonga, nina kilo 57, naomba rufaa ya DEXA ya mgongo na nyonga. Akaniangalia, akaandika. Kuna kikokotoo pia cha bure mtandaoni kinaitwa FRAX, kilitengenezwa Chuo Kikuu cha Sheffield kule Uingereza mwaka 2008, unajaza majibu yako kinakupa asilimia ya kuvunjika ndani ya miaka 10 ijayo, unaweza kukijaza mkiwa wote na daktari.

Mashine hizi haziko kila wilaya, ziko kwenye hospitali kubwa za mijini, za binafsi hasa. Piga simu kabla ya kupanda basi, na uliza maswali manne: mnapima mgongo NA nyonga? mashine inafanya kazi leo? bei? bima yangu inaingia? Hilo la pili msicheke.

Na tusiibiwe. Kile kimashine cha kushika mkononi dakika moja, kinatoa kurasa thelathini kuanzia ini mpaka mifupa halafu mwisho wa kurasa kuna maboksi ya virutubisho unauziwa laki tatu, kile hakipimi mfupa. Hakipimi chochote. Kile cha kuweka kisigino kwenye maonyesho ya afya angalau ni kipimo cha kweli cha mawimbi ya sauti, kinaweza kukustua uende mbele, ila hakitoshi kusema unaumwa au huumwi.

Siku yenyewe: usimeze kidonge cha kalsiamu saa 24 kabla, na kama wiki hiyo ulipigwa picha za kunywa au kuchomwa dawa ya rangi, waambie wakupangie siku nyingine. Vaa kitu kisicho na zipu wala vifungo vya chuma, mimi nilivaa dera, sidiria nikavua. Na shanga. Nilisahau kabisa nina shanga za kiunoni, mistari mitatu, dada wa mashine akaniuliza kwa aibu kidogo, "Mama, kiunoni kuna kitu?" nikacheka mpaka nikalia. Shanga za kioo na mikufu zinatokea kwenye picha juu ya pingili haswa, zinaharibu hesabu. Vua nyumbani. Unalala chali, miguu inawekwa juu ya boksi la sponji ili mgongo ulale sawa, kisha mguu mmoja wanauzungusha kwa ndani wanaufunga kwenye kibao kwa ajili ya nyonga, mkono wa mashine unapita juu taratibu. Dakika 15 hivi. Hakuna sindano, huingizwi kwenye bomba, na mionzi yake ni midogo sana. Kama kuna uwezekano hata kidogo una mimba, sema.

Kusoma karatasi

Macho yaende kwenye T-skoo. Inakulinganisha na mwanamke kijana. Kuanzia -1 kwenda juu ni kawaida. Kati ya -1 na -2.5 mfupa umeanza kupungua, wanaita osteopenia. -2.5 na kushuka ndo osteoporosisi yenyewe, hivyo viwango viliwekwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1994. Kumbuka hizo ni hasi, -3 ni mbaya kuliko -2, kuna dada alinipigia simu anafurahi. Inayohesabiwa ni namba ya chini kabisa, sio wastani. Na mgongo ukiwa na mifupa iliyoota pembeni kwa umri unaweza kuonekana mzuri kuliko ulivyo, ndo maana nyonga lazima. Kama bado unaona hedhi watatumia Z-skoo, inayokulinganisha na wa umri wako, hapo -2 kushuka ndo ya kuchunguza zaidi.

Ile "mwanamke kijana" wa kulinganishwa naye ni mzungu wa Marekani wa miaka 20 mpaka 29. Watu wakisikia hivyo wanasema basi haituhusu, sisi weusi mifupa yetu mizito. Kwa wastani ndiyo mizito kidogo. Mama yangu naye alikuwa mweusi, na nyonga ilivunjika.

Mimi mgongo ulitoka -1.9, nyonga -1.4. Nikasema afadhali ni osteopenia tu. Daktari akasema subiri, osteopenia ukijumlisha na mfupa uliovunjika kirahisi na mama aliyevunjika nyonga, hiyo sio "tu". Akanipima damu kwanza, vitamini D, kalsiamu, figo, homoni za goita, maana kuna ugonjwa mwingine unaweza kuwa ndo unakula mfupa. Msianze dawa bila hivyo.

Sasa vyuma

Hapa ndo nilipobadilika. Kukimbia kunasaidia nyonga kidogo, mgongo hausikii kitu, na kuogelea na baiskeli ni nzuri kwa moyo ila mfupa hauna habari nazo. Mfupa unataka mzigo mzito na mshtuko mfupi, kitu ambacho haujazoea. Kule Australia walifanya utafiti unaitwa LIFTMOR, wanawake waliokoma hedhi, mifupa yao imepungua, wakabebeshwa vyuma vizito mara mbili kwa wiki, dakika 30, miezi 8, chini ya usimamizi. Mfupa wa mgongo ukaongezeka asilimia 2.9, wakati wenzao waliofanya mazoezi mepesi nyumbani walipungua 1.2. Na kwa wale waliobeba vyuma hakuna mfupa uliovunjika.

Mazoezi yenyewe manne: kunyanyua chuma toka chini, skwoti na chuma mabegani, kusukuma chuma juu ya kichwa, na kuning'inia kwenye bomba ukaruka kutua chini. Seti 5, kila seti mara 5. Uzito unapanda mpaka baada ya mara ya tano unahisi ungeweza moja, mbili tena, basi. Vile vidambeli vya pinki vya kilo 2 mara hamsini, hapana.

Ila usianze leo. Mimi mwezi mzima nilishika mpini wa fagio, kocha kaniwekea mpini mgongoni uguse kisogo, katikati ya mabega na juu ya makalio, nainama kwa kusukuma makalio nyuma kama nafunga mlango wa gari na mikono imejaa mizigo. Mpini ukiachia sehemu moja, unarudia. Ndo akanipa chuma cha kilo 20, sasa hivi nanyanyua 60 na vijana wa jimu wananiita Shikamoo Chuma. Tafuta kocha wa kweli, sio mwenye kifua tu. Na kama una pingili iliyobonyea au namba zako ziko chini sana, daktari kwanza, na achana na sit-apu na kuinama kwa kukunja mgongo.

Kuruka pia: kamba, au kuruka palepale mara 10 mpaka 20, unatua kwa kishindo kidogo, unapumzika, unarudia. Wengi hamruki kwa sababu mkojo unachuruzika, najua, hatusemi tu. Kuna mazoezi ya kubana misuli ya ndani inayozuia mkojo na kuna mafiziotherapia wanaofundisha, fanya hayo ndo urudi kwenye kamba. Na kila ukipiga mswaki simama mguu mmoja, asiyeanguka havunjiki kirahisi.

Jikoni, kwa kifupi

Kalsiamu unahitaji mg 1,000 kwa siku mpaka miaka 50, ukivuka hapo 1,200. Glasi ya maziwa au mtindi inakupa kama 300. Dagaa ndo mfalme wetu kwa sababu unamla na mifupa yake, toa kichwa ukitaka ila ule uti wa katikati usiutupe. Uji wa ulezi, unga wake gramu 100 una zaidi ya mg 300, japo mwili hauchukui yote, ukiuchachusha ni bora. Sukuma wiki sawa. Mchicha, samahani, una kalsiamu nyingi kwenye karatasi ila oksaleti yake inaishika haitoki, ule kwa faida nyingine. Protini usiogope, mtu wa kilo 57 kama mimi anatafuta kama gramu 60 kwa siku, na yai moja lina 6 tu.

Kidonge cha kalsiamu ni cha kujazia pengo. Kisizidi mg 500 kwa mkupuo, ile ya kaboneti meza na chakula, na weka mbali na dawa ya goita kwa saa nne, usichanganye na vidonge vya kuongeza damu. Vitamini D 600 IU kwa siku mpaka miaka 70, 800 baada ya hapo. Jua tunalo ila ngozi nyeusi inaitengeneza taratibu, na anayekaa ofisini toka saa moja mpaka jioni au anayejifunika mwili mzima anaweza kuwa na upungufu hukuhuku Dar.

Ukipewa dawa

Mimi nilianzishiwa alendroneti ya mg 70, kidonge kimoja kwa wiki. Nachukua Jumapili alfajiri, tumbo tupu, glasi kubwa ya maji matupu, sio chai, sio maziwa, halafu nusu saa silali, siinami, sili. Ukilala kinarudi kwenye koo kinaunguza. Hiyo nusu saa mi naimalizia kibarazani nimekaa wima kama niko kwenye ndoa ya serikali. Kabla ya kuanza nenda kwa daktari wa meno, kama kuna jino la kung'olewa ling'olewe kwanza. Wengine wanapewa ya dripu mara moja kwa mwaka, wengine homoni kama hedhi imekoma karibuni. Ile sindano ya kila miezi sita inaitwa denosumabu ni nzuri, ila ukiichelewesha au kuiacha ghafla mfupa unashuka kwa kasi na pingili zinaweza kuvunjika kadhaa, kwa hiyo kabla hujachoma ya kwanza uliza ya pili itapatikana wapi na kwa bei gani. Na ukiwa kwenye alendroneti au denosumabu ukaanza kusikia maumivu yasiyoeleweka ya paja, usiyafiche.

Rudia kipimo baada ya mwaka mmoja au miwili, sio miezi mitatu, mfupa hauendi kwa haraka hiyo. Na rudi kwenye MASHINE ILEILE, mashine tofauti hazilingani namba. Mimi nimerudia mwezi uliopita: mgongo toka -1.9 mpaka -1.7, nyonga imebaki palepale. Nikaanza kushangilia, yule dada wa shanga akaniambia mama tulia, tofauti hii ni ndogo, inaweza kuwa ni mashine tu, njoo tena baada ya miaka miwili na hii karatasi uje nayo. Nimeiweka kwenye bahasha moja na ile ya mwanzo, na ule urefu wa mlangoni, sm 161, bado uko palepale penseli ilipochora.